Nguva wa Florida na Jicho la Maji

Maji yenye joto la nyuzi 20 za Sentigredi si maji ya kutisha. Mtu wa Lushoto au wa Limuru huyaoga asubuhi bila ya kulalamika, na mgeni kutoka Ulaya huyaita maji mazuri ya kuogelea. Lakini yupo mnyama mwenye uzito wa kilo 500, na mara nyingine zaidi ya hapo, ambaye akikaa siku nyingi mfululizo katika maji yaliyo baridi kupita kiwango hicho huacha kula, ngozi yake hutoka vidonda vyeupe, na mwishowe hufa. Mnyama huyo huitwa manatii. Ni jamaa wa nguva wetu wa Bahari ya Hindi. Juma hili nataka tuzungumze habari za mahali anapokimbilia anapopigwa na baridi katika jimbo la Florida, huko Marekani, na kwa nini mahali hapo pana mashaka hata sasa, ambapo wanyama wenyewe wamekuwa wengi.

Mahali hapo panaitwa Blue Spring, nayo ni hifadhi ya jimbo iliyo karibu na mji mdogo wa Orange City. Kutoka Orlando ni mwendo wa gari usiofika saa moja kuelekea kaskazini. Wageni wengi wanaofika Orlando hufuata vikaragosi vya Disney, nami siwalaumu, hasa wenye watoto. Nilikwenda Blue Spring mwezi Januari mwaka 2025, kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja, nikichukuliwa na mwenyeji wangu, mzee mmoja wa Pangani aliyehamia Marekani miaka mingi iliyopita.

"Mdogo wangu," aliniambia usiku uliotangulia, "mlango unafunguliwa saa mbili. Tukichelewa mpaka saa nne tutakuta pamejaa, na hapo ni kusubiri mpaka gari moja litoke ndipo jingine liingie."

Alisema kweli. Tulifika saa moja na nusu tukakuta magari yamekwisha panga foleni kando ya barabara. Kiingilio ni dola 6 kwa gari zima, si kwa kila kichwa. Sababu ya foleni hiyo ni baridi. Siku za joto manatii hutawanyika mtoni na baharini, na mtu anaweza kulipa dola zake asimwone hata mmoja. Siku ya baridi kali ndiyo siku ya neema kwa mtazamaji. Kwa hiyo watu wa huko husikiliza utabiri wa hali ya hewa kama wavuvi wetu wanavyosikiliza habari za kusi, wakisikia baridi inakuja wanatayarisha makoti.

Kwanza nieleze mahali palivyo, maana bila ya hivyo mengine hayataeleweka. Chini ya sehemu kubwa ya Florida kuna mawe ya chokaa yaliyotobokatoboka kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji huzama ndani ya mawe hayo na kukaa humo kwa miaka, na yakiwa huko chini hushika joto la wastani wa mwaka wa nchi ile. Baridi ya Januari haiyafikii, wala jua la Agosti. Mahali mwamba ulipopasuka, maji huchomoka kwa nguvu. Hapa Blue Spring hutoka katika tundu refu linaloshuka ardhini kiasi cha meta 36, na kila siku hutoka galoni zipatazo milioni 100. Joto lake ni kama nyuzi 23, masika na kiangazi, mwaka hata mwaka. Kutoka kwenye jicho hilo la maji mkondo hutiririka nusu kilometa hivi, ukaingia katika mto mkubwa uitwao St. Johns, mto mpole wenye maji meusi meusi kama chai ya rangi.

Mkondo wenyewe ni mweupe wa kuonekana mpaka mchangani. Kando yake pamejengwa njia ya mbao iliyoinuliwa, wenye magari ya watoto na wenye viti vya magurudumu wote wanapita. Juu ni miti ya mialoni iliyoning'inia majani ya kijivu kama ndevu za wazee. Asubuhi ile hewa ilikuwa baridi ya kutoa mvuke kinywani, na mvuke mwingine mwingi ulikuwa ukipanda kutoka majini, kama sufuria iliyofunuliwa.

Halafu nikawaona. Mwanzoni nilidhani ni magogo yaliyozama, na wengi hudhani hivyo. Gogo moja likainuka taratibu, likatokeza matundu mawili ya pua, likapumua kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, likashuka tena. Nikatazama vizuri. Sakafu nzima ya mkondo ilikuwa imejaa wao, kijivu, wamelala ubavu kwa ubavu kama abiria wa daladala la jioni. Wanaojishughulisha hupanda kuvuta hewa kila baada ya dakika tatu mpaka tano, na waliolala huweza kukaa chini hata dakika 20. Ndama walikuwa wamejibanza chini ya mapezi ya mama zao. Hapo ndipo yalipo maziwa, nyuma ya pezi, mahali penye kwapa. Nadhani hapo pia ndipo ulipotoka uvumi wa mabaharia wa zamani kwamba baharini wapo wanawake wenye mikia. Christopher Columbus mwenyewe aliandika mwezi Januari mwaka 1493 kwamba amewaona watatu, akaongeza kuwa si wazuri kama wanavyochorwa. Nilipomtazama manatii uso kwa uso, pua pana, macho madogo kama vishikizo vya shati, ndevu za kukwaruza, nilimwona Columbus kuwa mtu wa adabu sana.

Si jamaa wa samaki huyu, wala wa nyangumi. Jamaa zake wa karibu nchi kavu ni tembo na pimbi. Anayekataa na atazame mapezi ya mbele: yana kucha, kama kucha za mguu wa tembo. Meno nayo yana utaratibu wa kitembo. Magego mapya huota nyuma ya taya, yakasukumwa mbele polepole kama abiria kwenye foleni, na yaliyochakaa huanguka kwa mbele. Tofauti ni kuwa tembo hupewa seti sita tu maishani, akizimaliza amekwisha, lakini manatii hupewa magego bila ya kikomo. Anayahitaji, kwani hula majani tu, kilo 40 au 50 kwa siku, pamoja na mchanga unaong'olewa na mizizi. Kutoka kwa nguva wetu anatofautiana zaidi kwa mkia: wa nguva umegawanyika kama wa nyangumi, wa manatii ni wa duara kama kafi pana. Tena nguva ni wa maji ya chumvi, na manatii huishi kote kuwili.

Mtu atauliza, mnyama mnene namna ile anawezaje kuona baridi? Unene ule si mafuta. Nyangumi na sili wana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi na miili yao huunguza chakula upesi. Manatii ana mafuta machache, na sehemu kubwa ya kiwiliwili chake ni matumbo, ambayo yakinyoshwa hupita meta 40. Chakula cha majani kina nguvu kidogo, na mwili wake umezoea kukiunguza polepole mno. Ni jiko la moto mdogo. Katika maji ya vuguvugu moto huo unamtosha, na maji yakipoa hautoshi, hata akila namna gani.

Sasa hapa kuna jambo ambalo sikulijua mpaka mama mmoja mzee, mfanyakazi wa kujitolea aliyekuwa amesimama njiani kuwaelekeza watu, aliponieleza. Katika mkondo ule hakuna chakula. Majani ni haba kabisa. Chemchemi ni nyumba yenye joto isiyo na jiko. Manatii akiona njaa lazima atoke aingie katika mto wenye baridi, ale upesi, arudi. Siku za jua hutoka mchana maji ya mto yanapopata joto kidogo. Baridi ikiendelea siku nyingi hulala na njaa, akipima kati ya mauti mawili. Ndiyo maana hifadhi hufunga mkondo kwa waogeleaji, wapiga mbizi na mitumbwi tangu katikati ya Novemba hadi mwisho wa Machi. Anayeshtuliwa akakimbilia mtoni hakuhamishwa tu. Amefukuzwa kwenye moto wake.

Katika mkondo huo huo nilionyeshwa samaki wengi wa bluu wakizungukazunguka juu ya migongo ya manatii. Mwenyeji wangu akacheka. "Perege hao!" Na kweli ni jamii ya perege, waliopelekwa Florida na binadamu, wakaasi, wakazaana kila mahali, na sasa wahifadhi wa huko wanawahesabu kuwa kero. Mzee aliwatazama kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama manatii, na sidhani alikuwa akiwaza uhifadhi.

Karibu na lango pana ubao unaoandikwa hesabu ya siku. Kila asubuhi ya majira ya baridi mhesabuji hupita katika mtumbwi, polepole, akiwatambua mmoja mmoja. Siku ile tarakimu zilikuwa tatu. Ili ujue maana yake, msikilizaji, rudi nyuma kidogo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1970, utafiti ulipoanza hapo, walihesabiwa 14. Mfaransa Jacques Cousteau alifika na jahazi lake la filamu, akapiga picha zilizoonyeshwa katika televisheni, na watu wengi wa Marekani wakajua kwa mara ya kwanza kwamba nchini mwao kuna mnyama kama huyo na kwamba anakaribia kwisha. Mwaka 1972 serikali ya jimbo ikanunua eneo. Mwezi Januari mwaka 2024, kwa siku moja, walihesabiwa 932.

Kutoka 14 hadi 932 si kuzaliana peke yake. Jike huchukua mimba kwa mwaka mmoja hivi, huzaa ndama mmoja, humlea mpaka miaka miwili, halafu hupumzika. Kwa mwendo huo hesabu haipandi haraka. Wengine ni wageni waliofuata wenzao, wakaona pana amani, wakarudi mwaka uliofuata na ndama. Makadirio ya jimbo zima kwa mwaka 2021 na 2022 yalikuwa kati ya 8,350 na 11,730. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ilimshusha manatii kutoka daraja la wanyama walio hatarini kutoweka, alilowekwa tangu 1967, ikamtia katika daraja jepesi zaidi. Wapo waliofurahi, hasa wenye mashua. Wapo walioona haraka imefanyika, na yaliyofuata miaka minne baadaye yaliwapa haki, kama nitakavyoeleza.

Kwanza neno juu ya mashua. Mhesabuji anawatambuaje? Kwa makovu. Mgongo wa karibu kila manatii mkubwa una michirizi myeupe iliyopangana sambamba, tatu, nne, tano, kama mikato ya kisu juu ya mkate. Ni alama za rafadha za injini. Florida ina mashua zilizoandikishwa zipatazo milioni moja, na manatii huogelea karibu na uso wa maji, polepole, mahali ambapo maji ni machache na mashua hazina njia nyingine. Watafiti huchora makovu hayo katika daftari, humpa kila mmoja jina, na hivyo wana historia za familia zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 50. Jeraha ndilo limekuwa kitambulisho. Sheria ya jimbo ya mwaka 1978 iliifanya Florida yote kuwa kimbilio la manatii, na mwaka 1989 wilaya 13 ziliamriwa kuweka mipaka ya mwendo wa mashua. Ugomvi ulikuwa mkubwa, na bado upo. Mwaka 2019 waliuawa na mashua zaidi ya 130. Hata hivyo, asingewekwa mtu wa kupunguza mwendo, nina shaka kama ubao ule ungeandikwa tarakimu tatu.

Lakini si mashua inayowatia wataalamu hofu kubwa kwa siku zijazo. Hofu ni maji.

Nimesema mkondo wa Blue Spring unaingia katika mto St. Johns. Maji ya baridi ni mazito kuliko maji ya vuguvugu. Mto ukijaa na kupoa, maji yake hupenya chini ya maji ya chemchemi kama kabari, yakipanda mkondo kwa chini huku ya vuguvugu yakielea juu. Manatii aliyelala sakafuni ndiye wa kwanza kuguswa na kabari hiyo. Kinachoizuia isipande ni nguvu ya chemchemi yenyewe, yaani wingi wa maji yanayochomoka kwa sekunde. Chemchemi ikinyong'onyea, kabari inasonga mbele na nafasi yenye joto inafupika. Na wakati nafasi inafupika, wageni wanaongezeka.

Kwa nini inyong'onyee? Kwa sababu maji yale yaliyomo katika mawe ya chokaa ndiyo yanayovutwa na pampu za Orange City, za DeLand, na za miji yote ya jirani. Ndiyo yanayonywewa, ndiyo yanayofulia, na kwa kiasi kikubwa cha kushangaza ndiyo yanayonyweshea nyasi za mbele ya nyumba. Mtu wa mjini kwetu, anayenunua maji kwa dumu na kuyatia ndoo ndoo, anapoona bomba la kunyunyizia nyasi likizunguka lenyewe usiku kucha, mkojani na mbele ya duka lililofungwa, hupata kizunguzungu kidogo. Watu wameongezeka katika Florida ya kati kwa kasi, na kila mtaa mpya huja na nyasi zake.

Mwaka 2006 mamlaka ya maji ya eneo hilo ilifanya jambo ambalo si la kawaida. Iliweka kisheria kiasi cha maji ambacho lazima kiachwe kitoke Blue Spring, na kipimo kilichotumika kilikuwa manatii: ni nafasi kiasi gani yenye joto itakayohitajika ikiwa wataendelea kuongezeka? Kiwango kiliwekwa kipande kwa hatua mpaka kufikia, mwaka 2024, wastani wa lita 4,400 hivi kwa kila sekunde. Maana yake ni kuwa miji haikuambiwa itunze maji kwa ajili ya wanyama kwa hisani yake. Iliambiwa kiasi fulani si chake. Ikabidi itafute njia: kusafisha maji machafu na kuyatumia kwa nyasi, kupanga siku za kunyunyizia, kutafuta vyanzo vingine. Mambo haya yana gharama, na gharama inafika kwenye ankara ya maji ya mwananchi. Nimesikia Wamarekani wakinung'unika kama tunavyonung'unika sisi, ila wao wananung'unika wakiwa na bomba linalotoka.

Nirudi kwa yaliyotokea miaka minne baada ya manatii kushushwa daraja. Upande wa mashariki wa Florida, kando ya bahari ya Atlantiki, kuna wangwa mrefu uitwao Indian River Lagoon, ambao ulikuwa malisho makubwa ya manatii. Kwa miaka mingi mbolea za mashambani na za bustani, pamoja na uchafu wa makaro ya vyoo, zilikuwa zikitiririkia humo. Uchafu huo ni chakula cha mwani mdogo usioonekana kwa jicho, nao ulizaana mpaka maji yakawa na rangi ya ugoro na jua likashindwa kufika chini. Majani ya bahari, kama mmea wowote, hayawezi kuishi gizani. Zaidi ya nusu yakafa. Mwaka 2021 manatii 1,100 walikufa katika Florida, wengi wao kwa njaa. Idadi hiyo haijapata kuonekana katika mwaka mmoja tangu kumbukumbu zianze. Mwaka 2022 wakafa 800.

Serikali, ambayo siku zote huwaambia wananchi wasiwalishe wanyama pori, ikajikuta ikimwaga saladi majini. Ndiyo, saladi, majani yale yale ya kuwekwa pembeni ya sahani ya wali. Katika majira ya baridi ya 2021 na 2022 zilitupwa tani zinazokaribia 92, nyingi kwa fedha za michango ya watu, na majira yaliyofuata zikaongezwa. Niliona picha za jambo hilo kabla ya safari yangu na nikacheka. Sikucheka tena nilipofahamu mahali saladi ilipokuwa ikimwagwa: mbele ya mtambo wa kufua umeme wa Cape Canaveral.

Hapo ndipo kwenye kiini. Zaidi ya nusu ya manatii wa Florida hawapitishi majira ya baridi katika chemchemi kama Blue Spring. Wanapitisha kwenye mifereji ya mitambo ya umeme. Mtambo huvuta maji kupooza mashine zake, ukayarudisha yakiwa ya moto, na manatii wakagundua. Kwa miaka zaidi ya 50 vizazi kwa vizazi wamejifunza njia ya kwenda mtamboni, kwa sababu ndama hajui kwa kuzaliwa mahali penye joto. Humfuata mama yake, akashika njia, akaja kumwonyesha mwanawe. Manatii wa Cape Canaveral walibaki kwenye joto la mtambo hata malisho ya jirani yalipokwisha, kwa kuwa hapo ndipo walipofundishwa. Mtambo wa zamani wa hapo ulipobomolewa mwaka 2010 ili ujengwe mpya, kampuni ililazimika kuweka mashine za kupasha maji moto kwa ajili ya manatii tu, mpaka ujenzi ulipokwisha mwaka 2013. Hesabu hiyo kampuni iliweza kuilipa mara moja. Lakini mitambo ya namna hiyo inazeeka, na umeme wa jua haumwagi maji ya moto baharini. Siku mifereji itakapopoa, maelfu ya manatii watarudi mahali mama zao walipowaonyesha, watakuta maji ya nyuzi 15, na watasubiri.

Hiyo ndiyo sababu galoni milioni 100 za Blue Spring zinapiganiwa. Chemchemi haina meneja, haistaafu, haibadilishiwi mafuta. Lakini nayo ina nafasi ya nusu kilometa tu.

Tukiwa njiani kurudi Orlando mwenyeji wangu alikuwa kimya, halafu akasema kwamba yeye nguva amemwona mara moja tu, utotoni, Pangani. Alikuwa amekufa, amenaswa katika jarife la papa, na watu walikuja kutoka vijijini kumtazama. Nyama iligawanywa. "Kwetu hawa wa leo wangekuwa kitoweo," alisema, bila ya kujisifu wala kuona haya.

Nguva wa Afrika Mashariki wamelindwa na sheria katika Kenya na Tanzania kwa miaka mingi. Mahali walikowahi kujulikana zaidi ni Lamu na Kiunga kwa upande wa Kenya, na delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa kwa upande wa Tanzania, kote kwenye majani ya bahari. Mwezi Desemba mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani yetu katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka, kwa makadirio ya chini ya wakubwa 250 wa kuzaa katika ukanda mzima, na karibu wote wako visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Adui wao mkubwa si rafadha, ni jarife. Mnyama huingia katika wavu usiku akifuata majani, hawezi kupanda kuvuta hewa, na hufa kabla mvuvi hajaamka. Mvuvi mwenyewe hakumtaka.

Bahari yetu haina baridi ya kuwakusanya nguva mahali pamoja asubuhi moja. Hakuna daraja la mbao la kuwaangalia kutoka juu, hakuna ubao wa chaki, wala maji meupe ya kuonyesha kovu. Nguva ni mwoga, hutembea wawili au peke yake, na ndege ya kuwahesabu kutoka angani ni ghali. Kwa hiyo habari zake katika Mafia na Rufiji zinapatikana kwa wavuvi, na wanaozifuatilia huanza kwa kupita kijiji kwa kijiji wakiwauliza wenye majarife mara ya mwisho wamemwona lini, na alikuwa hai au la.